Jina la Mama Kwenye Fomu

Benki yake ilipoacha vitabu vya akiba na kumtaka kila mteja ajisajili kwa simu, baba alinisubiri hadi nilipokuja nyumbani Mkuza. Kiinua mgongo chake chote cha kiwandani kilikuwa humo. Dirishani walishamrudisha mara mbili.

Tukapiga huduma kwa wateja, nikaweka spika. Binti aliyepokea akauliza mwaka wa kuzaliwa, kisha jina la mama.

Baba akataja jina la bibi.

"Silo, mzee wangu."

Akataja lile alilokuwa akiitwa bibi utotoni.

"Silo pia. Imebaki mara moja. Ukikosea, akaunti inafungwa."

"Unanifundisha mama yangu, we mtoto?"

Fomu ya kufungulia akaunti, zamani hizo, aliijaza baba mkubwa, kaka yake, sasa marehemu. Nikamnong'oneza baba, nusu utani: "Jaribu la mama mkubwa. Kwenu Kisarawe si wote mnawaita mama?" Huyo mama mkubwa wa baba alikuwa dada wa bibi. Hakuolewa, na alifia huko huko Kisarawe, peke yake.

Akalitaja.

"Sawasawa. Hongera mzee, umesajiliwa."

Baba akacheka kwa raha. "Kaka naye! Alichanganya."

Ningenyamaza hapo. Lakini jambo lisiloniingia akilini huwa siliachi.

"Achanganyeje, baba? Mama yenu si mmoja? Basi angeandika jina la mama yake mwenyewe."

Kicheko kikakatika. Akampigia shangazi, dada yake mkubwa, aliyebaki Kisarawe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nani alinizaa?"

"Kakwambia nani?"

"Benki."

Akaguna, kisha akacheka, sijui kwa nini. "Haya, mpaka benki wanajua! Sisi tulijua wote. Mama mkubwa alikuzaa hana mume, mama akakuchukua. Wakamwapisha asikwambie."

Baba akaiweka simu mezani. Ujumbe wa kumkaribisha kwenye huduma mpya ukaingia, hakuugusa.

"Siku ile mama mkubwa alipokuja hapa na mfuko wake wa nguo," akaniuliza, "nikampa nauli arudi. Alikula?"

Nilikuwepo siku hiyo. Jibu lolote ambalo ningempa, angelipokea.

"Hakula."

"Hata chai?"

"Hata chai. Ulisema gari litamwacha."