Sauti ya Waziri

Harufu ya ukindu uliolowekwa hunirudisha uani kwa bibi, Bagamoyo, mwaka ule wa mvua nyingi, wanawake na wasichana wa nyumba tukisuka ukili wa mikeka huku bibi akisimulia hadithi ya kale ya waziri mwovu. Waziri alimbembeleza binti wa sultani amfungulie lango. Akafunguliwa, na hadi alfajiri nyumba nzima ilikuwa imechinjwa. Desturi yetu, waziri anaponyongwa mwishoni mwa hadithi, kila msukaji huweka ukili chini na kumlaani. Lakini bibi, Mungu amrehemu, alipenda mno kusimulia. Maneno ya waziri aliyatoa kwa sauti laini, mikono yetu ikasahau kazi. Binti wa sultani hakupewa hata neno moja.

Mwaka ule dada yangu Mwanahawa aligoma kulaani. "Maskini, hakupata wa kumpenda," alisema. "Angependwa angetulia."

"Na aliyemfungulia lango, mwanangu? Yeye humwonei huruma?" bibi aliuliza.

Dada alicheka tu. Mimi sikucheka, kwani nilishamwona mnunuzi wa mikeka kutoka Chalinze akimtazama. Kijana yule alikuwa na maneno matamu. Alimwamkia bibi shikamoo, kisha akaeleza, bila kuulizwa, jinsi mama wa kambo alivyomnyima chakula na jinsi hasira zake zilivyomtenganisha na mke wake wa kwanza. Bibi aliitikia marahaba, basi. Dada alikuwa na machozi machoni, nami niliingiwa na hofu nisiyoweza kuieleza. Posa ilipokuja, baba aliipokea, na dada akaolewa, akapanda basi la Chalinze akiwa na furaha tele.

Alirudi kabla ya masika mengine, mkono wake wa kushoto haunyooki. Bibi alipoanza hadithi, dada alimwambia taratibu, "Bibi, leo mpe sauti mbaya." Bibi alijaribu, akashindwa, akalia. Hakuisimulia tena.

Siku hizi nafundisha fasihi, na hadithi ile nawasomea wanafunzi. Huandika kwamba waziri anastahili huruma kwa kuwa alikosa mapenzi utotoni, na hutetea hoja vizuri hata nawapa alama zote. Mimi mwenyewe humhurumia, na inaniudhi. Zamani tulilaani bila kufikiri. Leo tunafikiri sana, na halaani mtu. Juzi nilimsimulia dada, ninayeishi naye, walivyoandika. Alikuwa akichambua mchele. Akaniuliza wasichana darasani kwangu ni wangapi.