Saa Mia Tano za Mama Tena

Wanafunzi walimwita Mama Tena, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Mwanafunzi akishapapasa tumbo la mjamzito na kusema mtoto amelala hivi, kichwa kiko huku, Mama Tena aliweka mkono wake juu ya ule wa mwanafunzi, halafu akatoa neno moja: "Tena." Umepatia, tena. Umekosea, tena. Mpaka upatie mara tatu mfululizo ndipo kalamu yake nyekundu ilipotoka mfukoni kusaini daftari lako la mazoezi. Walikuwepo waliolia. Walikuwepo waliomsema vibaya kwenye chumba cha kubadilishia nguo, naye akiwasikia na kujitia hamnazo. Lakini hakuna aliyewahi kutoka kwenye wodi ile ya wazazi akiwa mbabaishaji.

Alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye wodi hiyo hiyo. Aliposoma yeye, uuguzi ulikuwa ngazi moja tu: unamaliza, unapewa stashahada, unaitwa nesi, basi. Kisha chuo cha pale hospitalini kikaanzisha masomo mapya ya wauguzi wa ngazi ya juu, watakaompima mgonjwa, kutambua ugonjwa wake na kumwandikia dawa bila kumsubiri daktari. Nchi nzima hapakuwa na aliyewahi kuyasoma. Wakaingia kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, ambaye Mama Tena alimchukua akiwa na miaka sita na kumlea kwa zamu za mchana na za usiku.

Masomo yalianza kwa kibali cha muda. Kabla wale wa kwanza hawajamaliza, baraza la uuguzi lingetuma wakaguzi kuamua kama chuo kinastahili kuidhinishwa. Kikikataliwa, miaka miwili ya watu kumi na mmoja imekwenda na maji, na vyeti vyao vitafaa kufungia karanga.

Wiki tatu kabla ya ukaguzi, mkuu wa chuo alimwita Mama Tena. Mezani palikuwa na kitabu cha vigezo, kurasa arobaini, ambacho mkuu alikaa nacho kwenye droo tangu chuo kifungue masomo yale, akakigawa juzi tu. Alikuwa mtu wa kuchekacheka, hasa akiwa na habari mbaya.

"Kaa, sista, kaa. Hiki umekisoma?"

"Nimekisoma jana. Wewe umekisoma lini?"

Mkuu akacheka. Kisha akafungua kigezo cha kumi na saba. Kila mwanafunzi lazima akamilishe saa mia tano kwa wagonjwa, chini ya msimamizi mwenye elimu isiyo chini ya ile inayofundishwa, au daktari bingwa wa fani hiyo.

"Mimi nina stashahada," alisema Mama Tena. "Kwa hiyo saa zote nilizowasimamia hazipo."

"Zipo, sista, zipo! Ila kwa jina lako hazihesabiki."

"Zihesabike kwa jina la nani?"

"Daktari bingwa wa wodi yenu amekubali."

Kigezo chenyewe, tuseme ukweli, hakikuwa kibaya. Kilitungwa ili asiyejua asije akamfundisha asiyejua. Ila waliokitunga hawakujiuliza wale wa kwanza kabisa watafundishwa na nani, na mtu anayejua bila karatasi hawakumwachia hata kiti cha nyuma. Na daktari, haki yake tumpe, alikuwa fundi wa upasuaji. Lakini kufundisha? Siku mbili alizopita kwenye kundi lile aliwasalimia "dada zangu, hamjambo?" na humo ndani mlikuwa na wanaume wawili wenye ndevu.

"Nikikataa?" aliuliza Mama Tena.

"Ukikataa, watoto wataumia. Na mmoja ni wako."

Hapo akawa amefungwa mikono. Alikaa akitazama pazia la ofisi ile, kisha akasema sawa. Mkuu alimshukuru mara nne, na kila shukrani ilimchoma.

Daftari la mazoezi halifutwi wala halipakwi rangi nyeupe. Mkaguzi akiona hivyo tu, limekufa. Kwa hiyo wanafunzi waligawiwa madaftari mapya, wakakaa Jumamosi nzima maktaba wakinakili miaka miwili kwa mkono: tarehe, saa, mgonjwa, kilichofanyika. Jumatatu daktari akayasaini yote kumi na moja kwa mkupuo, kati ya upasuaji na chai.

Jumanne mkuu akamwita tena Mama Tena, safari hii bila kucheka. Kulikuwa na kitu hakikai sawa kwenye yale madaftari na hakuweza kusema ni kipi. Mama Tena aliyafungua, na hakuchukua hata dakika kumi. Daktari alikuwa amesaini kusimamia wodini miezi mitatu ambayo alikuwa masomoni ng'ambo. Alikuwa amesaini saa nne asubuhi, siku moja, kwenye vitanda viwili vya wodi mbili. Alikuwa amesaini mkesha mzima wa siku aliyomzika baba yake.

"Mkaguzi yeyote mwenye akili timamu atayaona haya," alisema.

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Wewe ndiye unayejua alikuwepo lini."

Naam, alijua. Alijua likizo za daktari kuliko mke wa daktari, kwa sababu kila alipokosekana yeye ndiye aliyebeba wodi. Akavuta kiti. Kwa siku mbili aliwapangia tarehe mpya, akiokota siku ambazo yule bwana alionekana hospitalini, akizichomeka saa humo mpaka zikatimia mia tano kwa kila mmoja, na madaftari yaliyoharibika yakanakiliwa na kusainiwa upya. Mtu ameibiwa, halafu anamshikia mwizi taa asijikwae. Alijidharau kwa kazi ile, na aliifanya vizuri.

Likabaki jambo moja: vinywa. Siku ya kuamkia ukaguzi, saa nane mchana, aliwakusanya wote kumi na mmoja kwenye chumba cha mazoezi, kati ya midoli ya mpira na vitanda vibovu.

"Mkiulizwa nani aliwasimamia, semeni daktari. Msiangaliane, msiniangalie mimi. Haya, wewe. Nani alikusimamia?"

"Ni... daktari."

"Tena."

Aliwazungusha hivyo mmoja mmoja, mara tatu mfululizo bila kigugumizi, kama ilivyo sheria yake. Mtoto wa dada yake alikuwa wa mwisho. Mara ya kwanza alilia. "Mama mdogo, siwezi." Mama Tena akamwambia anaweza, afute machozi, tena. Mara ya sita jibu likatoka laini kabisa.

Kesho yake wodini alikuja mkaguzi mmoja mama mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alimchagua mtoto wa dada, akampeleka kwenye kitanda cha mama mwenye mimba ya miezi minane. Daktari alisimama dirishani, mikono nyuma. Mama Tena alishika trei miguuni pa kitanda, kwa kuwa siku hiyo aliandikwa msaidizi.

Binti alisugua viganja vikapata joto, akamwomba yule mama ruhusa, akapapasa. "Mtoto amekingama. Kichwa kiko ubavu wa kushoto." Halafu bila kuambiwa akarudia kupapasa, na mara ya tatu.

Mkaguzi akatabasamu. "Mbona mara tatu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Na nani?"

"Na daktari."

"Hilo nawakazania sana," alisema daktari kutoka dirishani.

Mkaguzi akaandika. Mama Tena alikuwa amejiandaa kwa jibu lile. Si alilifundisha mwenyewe? Ila alitamani, na aibu ilimshika kwa kutamani hivyo, mtoto yule asite. Asikosee, asite tu, apepese jicho upande wa trei. Hakusita hata kidogo.

Kibali kilitoka baada ya miezi miwili: miaka mitano, bila masharti, na sentensi nzima ya kusifu usimamizi wa wodini. Daktari alipewa barua ya pongezi. Mama Tena aliipigia makofi pamoja na wengine, na viganja vikamuuma.

Jumapili moja mchana, vyombo vya chakula vikiwa bado mezani, binti alitoa bahasha kwenye mkoba. Leseni yake mpya ilikuwa imetoka siku nyingi. Hii ilikuwa barua ya kazi.

"Mama mdogo, wamenipa kusimamia wanafunzi wapya. Wodi ya wazazi."

"Nafasi yangu."

"Ni kile kigezo, si mimi. Wewe watakuhamishia kliniki ya chanjo, kule hakuna hata zamu za usiku, utapumzika."

"Na mimi mlitaka kuniuliza lini?"

"Nimeshasaini." Kisha binti akachangamka, akasogeza kiti karibu. "Lakini sikiliza, nimeshalifikiria. Asubuhi asubuhi uwe unapita wodini kabla hujaenda kliniki. Wewe unafundisha kama kawaida, mimi nasaini. Kigezo hakivunjiki, na wanafunzi wanakupata wewe. Si vizuri?"

Alilisema kwa moyo mweupe, kama mtu aliyeleta zawadi, na hicho ndicho kilichommaliza Mama Tena. Angetukana ingekuwa nafuu.

"Nenda kwenu," alisema.

Neno hilo hakuwahi kumwambia tangu siku alipomtoa msibani akiwa amemshika mkono, hata alipovunja vyombo, hata alipojibu vibaya, hata siku alizotoroka shule. Majirani waliwaambia hivyo watoto wao wa kulea kila siku, yeye aliapa neno hilo halitatoka kinywani mwake.

Binti alisimama na mkoba wake, akatazama mlango, akatazama chumba chake, akabaki pale pale. Hakuwa na kwao pengine.