Sale Lililokaushwa na Filta

Kwetu Machame, mtu aliyekukosea akija na jani la sale mkononi, huna ujanja: unasamehe. Ni mmea uleule tunaoupanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba, wenye kijani kilichokolea. Krismasi iliyopita baba mdogo alimletea baba jani hilo, baada ya miaka mingi ya kutosalimiana kwa sababu ya mpaka wa migomba. Alisimama uani ameinamisha kichwa, amelishika kwa mikono miwili. Baba akalipokea. Mimi, mpiga picha wa familia, nikabonyeza.

Nafanya kazi kwenye studio moja ya Majengo, harusi na vipaimara ndiyo mkate wetu. Huko nilikuwa na filta niliyoipenda kuliko zote, mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari na mtu nisiyemjua, unaofanya kila kitu kionekane kimepigwa na jua la jioni. Unabonyeza mara moja, basi. Nikaibonyeza na kwenye picha ile, nikairusha kwenye kundi la familia na kukaa mkao wa kupongezwa.

Aliyenipigia ni shangazi.

“Wewe, hili sale mbona limekauka?”

“Limekauka vipi, shangazi?”

“Si uangalie! Nani anaomba msamaha kwa jani kavu? Baba yako mdogo ameona, amejitoa kwenye kundi. Anasema mnamcheka.”

Nikaangalia. Kweli, jani lilikuwa na rangi ya ugoro. Amani ambayo bibi aliiombea mpaka anaingia kaburini, mimi naivuruga kwa kidole kimoja!

Dada mwenye studio si mtu wa kubembeleza, kwa hiyo nilipompelekea ile picha nilijiandaa kusemwa. Badala yake alivuta kiti, akafungua kwenye kompyuta vile vidhibiti vya rangi ambavyo sikuwahi hata kuvigusa. Hakuna uchawi humu, aliniambia. Filta ni maamuzi ya mtu mwingine, kayahifadhi pamoja: hapa kaipeleka kijani kwenye njano, hapa kaongeza joto, hapa kalainisha ngozi.

“Na huyo mtu hajawahi kuona mgomba,” alisema. “Sasa unamwachiaje apake rangi kihamba cha baba yako?”

Akaipunguza nguvu filta hadi nusu. Jani likawa la njano. Akasogeza kidhibiti cha kijani peke yake; jani likafufuka. Kisha, ili nione tofauti, akaizima filta yote.

Ndipo nilipomwona baba. Machozi yalikuwa yanamteremka kwenye mikunjo ya uso. Kule kulainisha ngozi kulikuwa kumeyafuta kabisa, na siku yenyewe mimi nilikuwa nahangaika na mwanga, sikuyaona. Tukaichapa hivyohivyo, bila filta. Wateja walikuwa wamejaa mlangoni na yule dada hakunyanyuka mpaka picha ikatoka. Namshukuru hadi leo, ingawa nikimwambia ananijibu niende nikafagie.

Jumapili baada ya ibada nikaenda kwa baba mdogo.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba.”

Mama mdogo ndiye aliyenipa kiti na chai. Nikatoa picha, nikaeleza mambo ya filta kadiri nilivyoweza, nikaomba radhi. Baba mdogo akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alianza na jani, akalikagua kama mtu anayenunua ng’ombe, akatikisa kichwa kukubali. Moyo wangu ukatulia kidogo. Kisha kidole chake kikapanda hadi kwenye uso wa baba, kikabaki hapo.

“Haya ni nini?”

“Ni machozi, baba mdogo.”

“Ya kaka?”

“Ndiyo. Alilia.”

Akaisogeza picha karibu zaidi na macho.

“Sikuyaona,” alisema. “Nilikuwa nimeinama. Siku zote hizi nadhani alilipokea kwa sababu mila inamlazimisha.”

Akaniuliza kama baba yuko nyumbani. Nikamjibu yuko. Akavaa kofia yake, akaichukua ile picha, akakata katikati ya migomba kuelekea kwa kaka yake bila hata kuniaga. Mimi nikabaki na mama mdogo, tunalia na kucheka, nikimshukuru Mungu kwa kila chozi la baba.