Kaburi Nililolichora

Siku moja ya kiangazi kule Buna haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, na leo nimeona nikuhadithie, maana nasikia unawachorea watoto wa shule historia yetu katika vitabu vya katuni. Kaa hapa. Chai ipo.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuoni juzi tu, nikapangiwa shule ya kwetu. Kitabu cha historia kilisimulia wafalme wa mbali na watoto walisinzia. Walichotaka kujua ni vipi babu zao walifika kwenye visima vyetu. Mkono wangu ulikuwa mwepesi wa kuchora, basi nikaamua kuwatengenezea hadithi ya picha juu ya ukame wa zamani, familia zikihama na ngamia kutafuta maji.

Nikaenda kwa ami yangu, adeer Nur, aliyekuwa katika msafara ule akiwa mtoto. Alinieleza mengi. Nilipouliza nani walikufa njiani, akatazama chini.

“Kuna mtoto wa kike alibaki nyuma,” akasema.

“Jina lake?”

“Sijui. Acha.”

Sikuacha. Niliona kisanduku cha picha kitupu katikati ya ukurasa kitaniharibia kitabu. Nikampa mtoto yule jina, Halima. Kitabu kizima kilikuwa cheusi na cheupe, ila yeye nilimvika shuka jekundu, nikalipaka kwa kalamu katika kila nakala. Nikamfisha chini ya mgunga kwenye kona ya laga, ule mto mkavu nyuma ya shule, nikamchorea kaburi la mawe meupe, jiwe moja refu kichwani. Mahali hapo nilipachagua kwa sababu nilikuwa napaona dirishani. Hakuna sababu nyingine.

Watoto walikipenda kitabu, wakaenda nacho nyumbani.

Miezi ikapita. Alasiri moja nikamkuta adeer Nur nje ya msikiti akiwasimulia vijana. “Halima alikuwa na shuka jekundu,” alisema. “Upepo ulikuwa unalipeperusha. Niliona kwa macho yangu haya.”

Nikamvuta pembeni. “Adeer, jina hilo nililitunga mimi. Na shuka pia.”

Akanitazama kama anayemtazama mgonjwa. “Wewe ulikuwa hujazaliwa. Wallahi, mimi nilikuwepo.”

Hakuwa anadanganya, mwanangu. Hilo ndilo lililonitia baridi mgongoni katika jua lile.

Kisha akaja bibi mmoja, Shamsa, kutoka Rhamu. Alisafiri juu ya lori la mifugo, kitabu changu amekifunga ndani ya mtandio. Mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wetu. Maneno yake yalikuwa ya Kisomali, nami nakupa kama nilivyoyasikia.

“Nimekuja unionyeshe dada yangu,” akasema. “Mama alimwacha chini ya mti na kibuyu cha maji, homa imemzidi. Baba aliporudi hakumkuta. Hapakuwa na mwili, hapakuwa na damu. Tangu hapo namuulizia kila soko na kila kisima. Nilisema huenda aliokotwa na watu.”

“Ayeyo, bibi yangu, dada yako aliitwa nani?”

“Kadija. Lakini mkimwita Halima si kitu. Ni yeye.”

Ilinipasa kusema ukweli palepale. Badala yake nikajiambia, nimpeleke tu, akikuta mchanga mtupu ataelewa mwenyewe. Tukatembea polepole, ameshika mkono wangu.

Kaburi lilikuwepo.

Mawe meupe, jiwe refu kichwani, mchanga umefagiwa kuzunguka. Shamsa akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya mawe, akaanza kusoma Fatiha. Mama mmoja aliyekuwa anaokota kuni akasimama kwa heshima. Nikamnong’oneza, “Hili la nani?”

“La Halima. Si liko hapa tangu tukiwa wadogo?”

Mama huyo nilicheza naye utotoni mahali papo hapo. Hapakuwa na hata kokoto.

Shamsa akainuka, uso wake umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. “Sasa naweza kuacha kumtafuta,” akasema. Nami nilimsindikiza hadi kwenye lori bila kumwambia kuwa kaburi lile nililitunga mimi.

Kesho yake nikawauliza wanafunzi. Wakajibu bila woga, “Mawe tuliyabeba sisi, mwalimu. Tulikwenda kumzuru Halima tukakuta hana kaburi. Tukamwonea huruma.”

Siku ya tisa, niliposhindwa kabisa kulala, nikaenda Rhamu. Nilimkuta Shamsa shambani kwake kando ya mto Daua, akipalilia vitunguu. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tope.

“Siku tisa,” akasema. “Kama yu hai, siku tisa dada yangu hakutafutwa na mtu yeyote duniani.” Akatupa jembe, akajitanda mtandio. “Yule wa picha ni wako, mzike utakavyo. Wangu nani alikupa ruhusa ya kumzika?” Akaenda sokoni kuuliza.

Nilirudi, mimi na wanafunzi tukayatawanya mawe. Adeer Nur aliacha kusema nami mpaka alipofariki. Alisema nimevunja kaburi la mtoto. Na baada ya mwezi mmoja, mawe yalirudi kama yalivyokuwa. Wanafunzi waliapa si wao, na niliwaamini. Yapo hadi leo. Wachungaji wakipita huyatolea salamu. Mimi nikipita huongeza mwendo. Shamsa naye alikufa bila kumpata Kadija, na sasa binti zake ndio wanaouliza.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Chora, usiache, maana mtoto atakumbuka picha siku ambayo maneno ya mwalimu yamemtoka. Kwa sababu hiyo hiyo, ogopa. Aliyeona akikuambia, chora. Pale ambapo hakuna anayejua, acha kisanduku kitupu, uandike chini yake: hatujui. Watoto watauliza. Waache waulize, huenda mmoja wao akaenda kumuuliza mtu ambaye bado anangoja kuulizwa. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla kosa lako halijapata watu wa kulitunza.

Mungu aubariki mkono wako, aulinde na uongo unaopendeza. Akupe wazee wa kukuambia ukweli, na moyo wa kuwaachia yale waliyoyanyamazia.