Mashine ya Vikombe Viwili

Mke wangu alinunua mashine ya kahawa mwaka wa pili baada ya kuhamishiwa Homa Bay. Hakuniuliza, wala hakuniambia. Niliikuta tu mezani katika chumba chake cha kupanga, nyeusi, fupi, imekaa kando ya redio kama mgeni aliyefika kabla yangu akachagua mahali pazuri. Nikaichukia siku ileile.

Niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa wivu. Nauza vipuri vya pikipiki Migori mjini, na mteja akitoka dukani kwangu akaingia duka la jirani, moyo unaniuma mpaka jioni. Sasa chukua mtu wa aina hiyo, umpelekee mke kaunti nyingine kufundisha, awe anamwona Ijumaa jioni na kumsindikiza Jumapili baada ya chakula cha mchana. Wivu wangu ulipata kazi ya kudumu.

"Hii ina faida gani?" nilimuuliza siku hiyo.

"Inajipikia yenyewe, Jaduong'," akasema. Ananiita hivyo, mzee, tangu nilipokuwa kijana. "Naweka maji, naweka kahawa, nabonyeza, naenda kuoga. Haifuriki kama chai. Sisimami kuichunga. Nikitoka bafuni, chumba chote kinanukia."

Nikamtolea hasara zake kama wakili. Inakula tokeni za stima. Stima ikipotea, unabaki na unga mkavu kwenye chujio. Haitaki kahawa ya kopo ambayo kila duka linauza, inataka iliyosagwa, ya kutafutwa mpaka Kisii. Jagi lake ni la kioo, likivunjika basi mashine yote ni takataka. Tena inakoroma ikikaribia kumaliza. Kila nililosema lilikuwa kweli, na yeye alikubali yote huku akiipangusa kwa kitambaa.

"Halafu ni ndogo," nikamaliza. "Vikombe viwili tu! Wageni wakija?"

"Hapa wageni hawaji," akasema, kwa sauti ya mtu anayesifu chakula.

Hiyo sauti ndiyo iliyoniharibia safari ya kurudi. Mtu mmoja, mashine ya vikombe viwili, na wageni hawaji. Kila nilipoenda kumtembelea baada ya hapo, macho yangu yalianzia kwenye kichanja cha vyombo. Vikombe viwili vya buluu vilikuwa vimeinamishwa pale, vimeoshwa vyote viwili. Sikuwahi kukuta kimoja kimekauka na kingine kibichi.

Kwetu Migori mambo hayako hivyo. Ndugu zangu wamejenga karibu, na Jumamosi asubuhi hakuna anayepita bila kuingia. Mke wangu akiwa nyumbani huteleka sufuria kubwa, chai ya maziwa, akajaza themosi mbili na kuanza kumimina. Watu wanakunywa, wanaongezwa, wanabishana siasa mpaka jua linakuwa kali. Sifa za chai yake zimefika Isebania, na nilizoea kuzipokea mimi.

Kisha ikatoka ruhusa, walimu waliopelekwa mbali waombe kurudi karibu na nyumbani. Mwenzake aliyehamishwa naye siku moja alirudi muhula uliofuata. Wangu nilipomuuliza, alisema, "Nitaangalia." Muhula ukaisha, ukaja mwingine, bado anaangalia. Nikajua kuna kitu Homa Bay kinachomshika, na nikajua ni nani anayekunywa kikombe cha pili.

Alikuwa jirani yake ploti hiyohiyo, mwalimu wa fizikia, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Jumamosi moja nikiwa kwa mke wangu nilimwona akibisha mlango na kumkabidhi mke wangu paketi ya kahawa. "Madam, hii hapa," akasema, akanisalimia kwa heshima, akaenda zake. Heshima ile iliniumiza kuliko matusi. Nililala nikizihesabu ndevu zake.

Jumatano moja nikafunga duka mchana. Nilimwambia ndugu yangu naenda kufuata mzigo Rongo. Rongo nilipita, lakini sikushuka, na saa tisa nilikuwa nafungua mlango wa mke wangu kwa ufunguo wa akiba. Alikuwa bado shuleni. Nilikagua kitanda, nikakagua nyuma ya pazia, kisha kichanja. Vikombe viwili, vyote safi.

Nimelelewa kwamba mwanamume hafunui sufuria. Jiko ni la mwanamke, na mwanamume anayechungulia vyungu huchekwa kijiji kizima kwamba ni mlafi. Lakini mashine si chungu, nilijiambia. Nikaamua kupika kahawa mwenyewe, ili mke wangu akiingia aikute tayari, na huyo mwingine akija kunywa anikute mimi ndiye ninayemimina.

Nilifanya nilivyoona chai ikipikwa maisha yangu yote nikiwa upande wa sebuleni. Maji nusu, maziwa nusu, sukari ya kutosha, na kahawa yenyewe vijiko vinne, vyote pamoja. Nikakoroga, nikamimina kwenye tangi la mashine, nikabonyeza.

Mwanzoni ilinguruma vizuri. Kisha ikakohoa. Kisha ikaanza kutema povu la rangi ya udongo kupitia mahali ambapo sidhani palitengenezwa kwa kutema, na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa chumba. Nilibonyeza tena. Ikakohoa zaidi. Mlango ukagongwa, na nani aliyeingia kama si zile ndevu.

"Mzee, kuna kitu inaungua?" Alizima umeme ukutani, akainama, akachungulia ndani ya tangi. "Umeweka maziwa?"

"Kahawa bila maziwa ni dawa," nikasema.

Aliuma mdomo asicheke, na hilo nalo nililiandika moyoni. Nikaona niulize papo hapo. "Wewe si ndiye unaijua hii mashine? Si huwa unakunywa hapa?"

"Mimi? Hapana, mzee. Mimi ni Msabato. Kahawa sigusi, hata chai ya majani. Ile paketi Madam alinituma tu kwa sababu nilikuwa napitia Kisii."

Aliniachia kitambaa cha kupangusia meza, akaondoka. Nilipaswa kufurahi. Badala yake niliona nimenyang'anywa kitu. Kwa miezi nilikuwa na adui mwenye sura na ndevu, na sasa kikombe cha pili hakikuwa na mwenyewe. Nikaketi kitini kumsubiri mke wangu.

Alifika na mkoba wake begani, akasimama mlangoni, akavuta hewa. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliniangalia, akaiangalia mashine, akaweka mkoba kitandani, akaanza kuifungua kipande kimoja kimoja kwenye karai. Alikata ndimu, akaikamua kwenye maji, akayapitisha, akayamwaga. Maji yalitoka na mabaki ya maziwa. Akapitisha mengine.

"Nyar Kendu," nikasema. Kwetu mke huitwa binti wa kwao, na kwao ni Kendu Bay. "Nataka uniambie ukweli. Kikombe cha pili ni cha nani?"

"Changu."

"Na cha kwanza?"

"Changu pia." Hakugeuka. "Kwani ulidhani ni cha nani?"

Nikaitaja ile paketi ya Kisii. Mabega yake yalitikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Huyo mtoto wa fizikia?" akasema. "Huyo anakunywa uji wa wimbi, Jaduong'." Kisha kicheko kikamwisha, akageuka. "Cha kwanza nakunywa nikivaa. Cha pili naketi nacho. Naangalia ziwa huko chini, kabla hakujakuwa na mtu wa kuniita Madam, wala mama, wala shemeji. Basi. Ni hivyo tu."

"Si hata nyumbani kuna chai?"

"Iko. Nani alisema haiko?" Alikuwa anasugua chujio kwa kidole gumba. "Kwa baba yangu kahawa haikuingia mlangoni, tulikuwa Wasabato. Nikaolewa kwako, chai imejaa, lakini hainifikii. Ikinifikia ni ile ya chini kabisa, imeshapoa. Nikikaribia kuimimina, kuna mtu amebisha hodi."

"Ungesema."

"Ningemwambia nani? Wote mlikuwa mnakunywa."

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Lakini wivu haukuondoka, na hili ndilo ninalotaka lieleweke. Ulizidi. Mwanamume ningejua pa kumkamata. Ningemsubiri stendi, ningekwenda kwa wazee wake, ningemwambia mke wangu achague. Sasa aliyeninyang'anya mke alikuwa asubuhi moja ya kimya mbele ya dirisha, na asubuhi hiyo ilikuwa inamfurahisha kuliko nilivyowahi kumfurahisha mimi. Nilimwona usoni alipoitaja. Uso huo sijawahi kuletewa Migori.

"Omba uhamisho," nikasema. "Rudi nyumbani. Njoo na hiyo mashine yako, mimi mwenyewe nitaitafutia mahali."

"Mashine haikosi mahali," akasema. "Mimi nitakaa wapi?"

"Swali gani hilo? Sebule yote ile!"

"Niambie kiti."

Nikafungua mdomo nimtajie. Kile kikubwa cha mkono wa kulia ni changu, na watoto wanajua. Kochi refu ni la ndugu zangu. Kile cha karibu na televisheni ni cha mama yangu, na asipokuwepo hukaliwa na anayemfuata kwa umri. Vile vya plastiki hutolewa wageni wakizidi. Nilizunguka sebule yangu kichwani, nikaizunguka tena, na kila nilipomtafuta mke wangu nilimkuta palepale, ameegemea mlango wa jikoni, themosi mkononi, akitazama ni kikombe cha nani kimeisha.

Alikuwa amemaliza kuosha. Aliirudisha mashine mezani, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Hapa ninacho," akasema.

Nikaangalia chumba. Kitanda kilikuwa kimejaa vitabu na ule mkoba wake. Kiti kilikuwa kimoja, cha mbao, chenye mto alioushona mwenyewe, kimegeuzwa kuelekea dirishani. Yeye alikuwa amesimama tangu aingie. Mimi nilikuwa nimekikalia.