Nilifukuzwa kiwanda cha jam Hayes kwa kosa lisilo langu, na ushahidi wangu ulikuwa kwenye jina la shemeji

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara, wa visiwani, na ninyi wa huku London mnaosoma kwenye basi mkiwahi shift.

Mimi ni mzee sasa, naandika kwa kidole kimoja. Mjukuu kanipa simu yake na masharti kibao. Ninayosimulia yamenitokea mwenyewe. Majina tu nimebadilisha, maana kuna walio hai na bado wana hasira.

Niseme mapema, mimi ni Mhindi wa Tanga. Ndiyo, wale wale. Ila sikuwahi kuwa na duka. Baba alikuwa nalo, kazi yangu mimi ilikuwa kulikimbia. Shule niliishia katikati ya Form Two, na mwalimu wa hesabu alifurahi kuliko mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini Wahindi wengi wa Afrika Mashariki tulikuwa tunahamia Uingereza. Mimi na mke wangu Zarina tukafikia Hayes, kule karibu na Heathrow, kwa kaka yake aitwaye Karim. Nyumba ya vyumba vitatu, watu kumi na moja. Ukitaka kuoga unaandika jina.

Karim alikuwa anafanya kazi kiwanda cha jam. Mimi sikuwa na kazi yoyote, nilikuwa nakula tu na kusimulia vichekesho.

Sasa mama yao, Karim na Zarina, akaugua Tanga. Nyumba yake ilikuwa imetaifishwa, yupo peke yake. Ilibidi Karim aende kumchukua, na makaratasi ya safari yalikuwa ya miezi. Hakuna kiwanda kingemsubiri miezi. Kila asubuhi getini kulikuwa na watu wamesimama wanangoja mmoja aumwe.

Kwetu sisi hilo halikuwa tatizo kubwa.

Waliokulia karibu na maduka ya Kihindi watanielewa. Dukani kwa baba, aliyekaa kaunta ndiye aliyeitwa jina la duka. Baba akisafiri anakaa ami, wateja wanamwita jina la baba, naye anaitika na kupima sukari. Hakuna aliyeona kuwa ni udanganyifu. Duka liko wazi, basi.

Kwa hiyo Karim akanivalisha koti lake, akanipa kadi yake ile ya kupiga kwenye saa ya getini.

"Ukiitwa Karim, itika. Na usiongee sana, utaharibu."

"Na foreman akinitazama usoni?"

"Hatazami. Kwake sisi sote ni mtu mmoja, kinachobadilika ni kofia."

Nikawa Karim miezi minne.

Foreman alikuwa Mzungu mmoja mnene, Mr. Dobbs, anatembea na penseli sikioni. Kazi ilikuwa kukoroga jam kwenye masufuria makubwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Tone la jam ya moto likikurukia utataja majina ya mababu zako wote. Na wakati wa joto nyigu wanakuja, wengine wanafia humo humo. Tangu wakati ule mimi mkate nakula na siagi tu.

Jioni nilikuwa naigiza mbele ya Zarina jinsi Dobbs anavyoniita Karim, tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Nilijiona mjanja kuliko kiwanda kizima.

Karim akarudi na mama yake siku ya Ijumaa. Jumatatu nikaenda naye, Dobbs akaniandikisha kwa jina langu halisi, maana watu walipungua. Akanizungusha kunionyesha choo kiko wapi. Nikamfuata nikijifanya nashangaa kila kitu.

Nikafanya kazi kwa jina langu mwaka mmoja na miezi kumi. Sikuchelewa hata siku moja, jambo ambalo Zarina mpaka leo haamini.

Halafu mteja mmoja akakuta kipande cha chupa ndani ya jam.

Wiki jam ile ilipojazwa kwenye chupa mimi sikuwa hata kwenye mstari wa kujazia. Nilikuwa stoo, nabandika lebo, na daftari la stoo lina saini yangu kila siku. Dobbs mwenyewe ndiye aliyenipeleka stoo.

Lakini makao makuu walitaka jina, wakapewa langu. Niliitwa ofisini, kuna meneja ambaye sijawahi kumwona, Dobbs kasimama dirishani ananipa mgongo. Nikajitetea kwa Kiingereza changu cha nusu ya Form Two, kwamba wiki ile mimi nilikuwa stoo, muulizeni Mr. Dobbs. Hawakumuuliza. Nikaambiwa ni mzembe, nikapewa makaratasi yangu, nikatolewa geti la nyuma, lile la takataka. Yote hayo hayakuchukua dakika kumi.

Wakuu, kufukuzwa kunauma, ila sababu iliuma zaidi. Kila nilipoomba kazi walipiga simu kule, na jibu lilikuwa huyu aliweka chupa kwenye chakula cha watu. Sehemu tatu zikanikataa. Zarina alikuwa na mimba ya miezi sita. Nikawa naaga asubuhi kama naenda kutafuta kazi, nashinda bustanini naongea na bata. Bata walicheka vichekesho vyangu. Nyumbani hakuna aliyecheka tena.

Zarina ndiye aliyesikia kuna ofisi ya ushauri wa bure Hounslow, ghorofani juu ya duka la viatu. Tukakutana na mama wa Kiingereza, Mrs. Pell, anafuma sweta huku anakusikiliza.

Akatueleza kuna sheria mpya. Mwajiri hawezi tena kukutupa nje anavyotaka. Lazima awe na sababu ya haki, lazima akusikilize. Akikosea unampeleka kwenye tribunal, baraza la mambo ya kazi, na unaweza kupata fidia.

Nikaanza kukaa vizuri kwenye kiti.

"Ila sharti uwe umemfanyia kazi miaka miwili," akasema. "Wewe una muda gani?"

"Mwaka mmoja na miezi kumi."

Akaweka sweta chini. "Umepungukiwa miezi miwili."

Zarina akanitazama, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Miezi ninayo minne, wakuu, lakini imeandikwa jina la Karim. Nikiitaja, Karim naye anafukuzwa. Ana watoto wanne, ana mama mgonjwa, ana mkopo wa nyumba tunayolala sote.

Mrs. Pell akasema tupeleke tu malalamiko, muda wa kupeleka ni mfupi, labda kiwanda hakitahesabu.

Nyumbani Zarina akamwambia kaka yake. Karim akaja juu.

"Sema ukweli wote."

"Nikisema wanakufukuza."

"Koti nilikuvalisha mimi."

"Una watoto wanne, shemeji."

"Na wako aliyeko njiani atakula nini, maneno yako?"

Mama yao akaita kutoka jikoni, "Mnagombania nani akose kazi? Sijawahi kuona wanaume wachoyo wa njaa namna hii."

Nikamwapisha Karim asitie mguu kwenye baraza lile.

Siku ikafika. Mwenyekiti katikati, wajumbe wawili pembeni, mimi na tai ya kuazima. Nageuka nyuma namwona Karim kakaa kiti cha mwisho, kofia mkononi. Kiapo chake kilidumu mpaka kituo cha treni.

Wakili wa kiwanda akaanza na lile lile. Huyu hajatimiza miaka miwili, kesi ifutwe. Mrs. Pell akanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

Wakili angeishia hapo nilikuwa nimekwisha. Lakini alitaka kunizika kabisa, nionekane mtu mbaya kwa kila namna. Akamwita Dobbs, akamuuliza kama mimi ni mtu mwaminifu.

Dobbs akafurahia lile swali. "Mwaminifu? Huyu aliingia kwetu na kadi ya mtu mwingine. Miezi minne anaitika Karim. Alidhani sijui. Karim anakoroga kwa mkono wa kulia, huyu anatumia wa kushoto. Nilijua siku ya kwanza, kabla hata ya chai."

Wakili akafumba macho.

Mwenyekiti akainua kalamu. "Ulijua, Bwana Dobbs. Ukafanya nini?"

"Nikamwacha aendelee. Nilikuwa na upungufu wa watu."

"Kazi alifanya?"

"Vizuri tu."

"Na mshahara ulitoka kiwandani?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo tangu siku ile huyu mtu aliyekaa hapa alikuwa anawafanyia kazi ninyi, na wewe msimamizi wake unajua kuwa ni yeye."

Dobbs akamtazama wakili.

Niseme ukweli, mwenyekiti alinikaripia kwanza. Ile kadi ya Karim nilisemwa mpaka nikatamani kuitwa Karim tena. Baada ya hapo wakaliomba daftari la stoo. Saini zangu zote zilikuwemo. Kufikia alasiri ikaamuliwa kwamba muda wangu umetimia, nilifukuzwa isivyo haki, nilipwe fidia, na chupa ile hainihusu.

Fidia haikuwa ya kununua nyumba, ilinunua kitanda cha mtoto na kutuvusha baridi. Ila ule uamuzi wa maandishi niliubeba kila nilipoomba kazi. Mwezi uliofuata nikapata kazi ya mizigo uwanja wa ndege, nikakaa huko mpaka kustaafu.

Karim alingoja barua ya kufukuzwa wiki nzima. Haikuja. Wangemfukuzaje kwa jambo ambalo foreman wao kaapa alilijua na kuliruhusu?

Sasa niwaambie kitu ambacho hata kwenye vichekesho sikisemi.

Ile miaka yote nilimcheka Dobbs kwamba hawezi kututofautisha. Angekuwa kweli hawezi, ningemsamehe siku ile ile, ningesema huyu hajui hata nani alikuwa stoo na nani alikuwa kwenye mstari. Kumbe alinijua mpaka mkono ninaoshikia mwiko. Akasimama dirishani wananitoa geti la takataka.

Tulipotoka alinikuta kwenye korido. Akaniambia, "Ulikuwa mkorogaji mzuri." Akataja jina langu halisi, bila kukosea. Mimi ambaye naongea hata na bata, nikamgeuzia mgongo nikaondoka.

Mrs. Pell naye alinigombeza mpaka stesheni. Alisema ningemwambia siku ya kwanza angetafuta njia ya kumlinda Karim pia, na siri ya mteja haitoki ofisini kwake. Mimi niliokolewa na domo la adui yangu, na si kila mtu ana adui mwenye domo.

Kwa hiyo wakuu, ukifukuzwa usishinde bustanini kama mimi. Tafuta mshauri wiki hiyo hiyo, maana muda wa kulalamika ni mfupi mpaka leo. Tunza kila karatasi yenye saini yako. Na huyo mshauri mpe yote, hata ya aibu. Sheria zimebadilika sana tangu enzi zangu, kaulizeni za sasa, msimtegemee mkoroga jam.

Najua humu wapo wanaoingia shift kwa kitambulisho cha binamu, na wanaosambaza vyakula vya watu kwa akaunti ya rafiki ya kwenye simu. Siwahukumu, nitaanzia wapi. Ila jueni kwamba jasho ni lenu na jina ni la mwenzenu, na siku mkitupwa nje mtaulizwa jina kwanza.

Waliofukuzwa, waliolipwa, waliodhulumiwa, leteni yenu hapa chini tusaidiane. Na kama uko kazini kwa jina la mtu, usiandike jina lake, wala lako. Andika tu "nipo", nitakufuata pembeni tuongee.