Rangi Chini ya Antena

Malishoni magharibi ya kijiji cha Letlhakeng, miaka ile simu ilipokuwa bado mali ya watu wa mjini, pikapu kuukuu ya Gabaitse Moreri ndiyo iliyokuwa masikio ya wote. Jioni, ng'ombe wakishanyweshwa na kufungiwa, wenye mifugo wa jirani walikuja mmoja mmoja, wengine wakachuchumaa kando ya mlango wa dereva, wengine wakakalia ndoo walizokuja nazo, kungoja matangazo ya vifo kwenye redio ya taifa. Hapo ndipo mtu alipojua kwamba shangazi kafariki na maziko ni Jumamosi alfajiri. Ukishatangaziwa umeitwa, na usipofika, ukoo unaelewa kwamba hukutaka kufika.

Gabaitse aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kukiri. Alichimba dhahabu ng'ambo ya mpaka tangu ujana mpaka mapafu yalipomkatalia, akarudi na pikapu, koti zuri na kikohozi, na hakuna aliyemwita mkubwa kwa lolote kati ya hayo. Ila jioni, akiweka ufunguo na kukizungusha kitufe cha redio, hata wazee waliomzidi umri walinyamaza. Kama kuna mtu atakayesema hilo si jambo la kumlevya binadamu, basi huyo hajawahi kunyamaziwa.

Kisha ikaja posa ya mpwa wake. Yeye ndiye mjomba, ndiye wa kutangulia mbele kwenda kumwomba binti wa watu, na pikapu ilikuwa na madoa ya kutu mpaka kwenye paa. Akaamua kuipaka rangi mwenyewe. Alifungua taa, akafungua vioo vya pembeni, akaichomoa antena kwenye madigadi, akapaka rangi ya kijani mkono wa kwanza, wa pili na wa tatu, bila kuacha hata kidoa kimoja, mpaka ndani ya tundu la antena. Akarudisha kila kitu mahali pake na kukaza nati kwa nguvu zake zote. Posa ikakubaliwa. Wakwe waliisifu gari, naye akarudi malishoni kifua mbele.

Jioni ya kwanza redio ikakoroma.

"Huko stesheni wamelewa leo," Gabaitse aliwaambia watu, na watu wakacheka.

Jioni ya pili alisema ni upepo. Ya tatu akasema ni mawingu, ingawa mbingu ilikuwa kavu na nyeupe kama kawaida ya Oktoba. Watu walipoondoka alijaribu kila alilojua. Alibadilisha fyuzi isiyokuwa na kosa. Aliichomoa plagi ya antena nyuma ya redio akaipuliza, akaichomeka tena. Alifunga waya wa uzio kwenye ncha ya antena na kuuvuta mpaka juu ya mti wa mgunga, lakini mkoromo ulibaki vilevile. Injini ikiwaka, juu ya mkoromo uliongezeka mlio mwembamba uliopanda na kushuka kila alipokanyaga mafuta. Aliipiga redio kofi, kama wanavyofanya wote waliokwisha kuishiwa maarifa.

Kusema "haisikiki" kungemgharimu nini? Neno moja tu. Watu wangekwenda kwa bibi wa kisimani mwenye redio ndogo ya betri, ile ambayo Gabaitse mwenyewe alikuwa akiiita kopo la nzi. Ndiyo maana hakulisema. Badala yake akabuni utaratibu mpya. Alipunguza sauti, akafunga kioo, akabandika sikio kwenye spika ya mlangoni, na tangazo lilipokwisha akafungua kioo kuwapa watu habari.

"Naitunzia betri," alisema. "Nikiifungulia sana, kesho mtanisukuma nyie."

"Sawa, Rra," walijibu. Rra ni baba, ni bwana, ni heshima yote kwa pamoja, na aliipokea kila jioni.

Mara nyingi alikuwa akisikia nusu, na nusu nyingine akaijaza kwa kubahatisha. Akisikia jina la kijiji kisichowahusu, alisema hakuna cha kwetu. Asiposikia kitu kabisa, alisema vilevile. Wiki mbili mambo yalikwenda salama, naye akaanza kujiaminisha kwamba hata hii ni namna ya kusikia.

Jirani yake wa karibu alikuwa Kebonang, mwanamume mpole mwenye ng'ombe wachache, ambaye mama yake alikuwa kijijini akiugua tangu majira ya baridi. Kebonang hakukosa hata jioni moja. Alikuja, akasimama, akauliza lile lile:

"Letlhakeng wamesemaje, Rra?"

Jumatano moja, ndani ya mkoromo, Gabaitse alisikia "Letlhakeng". Akasikia "kata ya" na kisha mkoromo kama mchanga mtupu, kisha "mtoto wake aliyeko malishoni", kisha mchanga tena. Akakaza sikio mpaka spika ikamchora shavuni. Tangazo likaisha. Kioo kilikuwa kimefungwa, na upande wa pili uso wa Kebonang ulikuwa unamtazama.

Alifungua kioo.

"Hakuna chenu leo," alisema.

"Tushukuru," Kebonang alisema. "Basi bado yupo."

Alhamisi mchanga ulikuwa mwingi zaidi. Ijumaa hivyohivyo. Jibu lilikuwa limekwisha zoea njia, likatoka lenyewe.

Jumapili dereva wa lori la kubeba ng'ombe alisimama kisimani, akamshika Kebonang mkono kwa mikono miwili na kumpa pole ya mama. Kebonang alidhani anataniwa. Alipoelewa kwamba mama yake yuko ardhini tangu jana alfajiri, alipanda lori hilohilo kama alivyokuwa, miguu ina matope ya kisimani, na hakuaga mtu.

Gabaitse aliambiwa habari hiyo akiwa anakunywa chai. Hakuimaliza. Alichukua spana na bisibisi akaenda kwenye pikapu, si kwa sababu kutengeneza kungemfufua mtu, bali kwa sababu hakujua aiweke wapi mikono yake. Aliwasha redio, ikakoroma. Akailegeza nati ya antena, na katika kuhangaika bisibisi ikamteleza, ikakwaruza madigadi mpaka bati jeupe likaonekana, ncha yake ikaegemea kitako cha antena.

Redio ikasema. Ilisema kwa sauti nzima, mwanamke akisoma bei za mahindi, kila neno limekamilika. Akaiondoa bisibisi, mkoromo ukarudi. Akaiweka, mwanamke akarudi. Gabaitse alikaa chini mchangani. Kitako cha antena kinatakiwa kugusa bati tupu, na yeye alikikalisha juu ya mikono mitatu ya rangi. Alilijua hilo. Mgodini alikwisha kuona mafundi wakikwangua bati kabla ya kufunga waya, akawashikia hata taa. Aliyeiziba gari masikio alikuwa yeye mwenyewe, kwa sababu alitaka wakwe wasione kutu.

Alichukua msasa, akakwangua, akafunga upya. Jioni redio ilisikika mpaka zizini. Watu walifurahi, mmoja akasema, "Kumbe stesheni wamelevuka." Wakacheka. Gabaitse akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Kebonang alirudi katikati ya wiki, amenyoa kichwa. Alikuja moja kwa moja kwa Gabaitse, akapewa kiti, akapewa kibuyu cha maziwa mgando, akakishika bila kunywa.

"Nimekuja kukushukuru," alisema.

"Kunishukuru nini, ndugu yangu?"

"Dada yangu Basadi anaapa kwamba alitangaza. Siku tatu, anasema. Nikamwambia mbele ya wazee, acha uongo. Gabaitse anasikiliza kila siku kwa niaba yetu, na Gabaitse amesema hakuna. Nikamwambia, ungetaka nije ungetangaza. Nikamwambia toka leo mimi sina dada." Alikizungusha kibuyu mkononi. "Alilia sana. Lakini mtu akikuzuia kumzika mama yako, utamwitaje?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, na Gabaitse aliuona. Angesema pole, angesema dunia ina mambo, na jambo lingebaki baina ya ndugu wawili, yeye akabaki Rra wa jioni. Nasema aliuona kwa sababu hata yeye baadaye hakuwahi kudai kwamba hakuuona. Alikaa nao mpaka maziwa mkononi mwa Kebonang yakaanza kuvamiwa na nzi.

"Dada yako hakusema uongo," alisema mwisho.

"Unasemaje?"

"Redio ilikuwa haisikiki. Nilisikia Letlhakeng. Nilisikia mtoto aliyeko malishoni. Jina sikulisikia."

Kebonang aliweka kibuyu chini polepole. "Ulisikia Letlhakeng."

"Ndiyo."

"Nami nimesimama hapo dirishani."

"Ndiyo."

"Sasa si ungesema hujasikia? Ningekwenda kisimani kwa bibi. Ningekwenda kwa miguu mpaka nyumbani, Gabaitse. Ulishindwa nini kusema hujasikia?"

"Niliona haya," Gabaitse alisema.

Kebonang hakumpiga, hakumtukana, afadhali angemtukana. Aliinuka, akapanda nyuma ya pikapu, akaketi katikati ya mapipa ya maji. "Endesha," alisema. "Ukamwambie yeye."

Gabaitse alimwomba aje mbele, kiti kipo, vumbi ni jingi. Kebonang alitazama pembeni. Ikawa hivyo njia nzima, ile barabara ya mchanga inayokula nusu ya siku, mwenye gari peke yake mbele kwenye kiti laini na mfiwa nyuma kama mzigo, na kila alipotazama kioo cha ndani alikiona kile kichwa kilichonyolewa kikizidi kuwa cheupe kwa vumbi.

Uani kwa marehemu wazee wa ukoo walikuwa bado wapo, wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja karibu na moto uliokuwa umepikia msiba. Basadi alitoka jikoni. Alimtazama kaka yake, vumbi mpaka kope, akamletea maji ya kunawa, kisha akamgeukia mgeni.

Gabaitse alivua kofia. Alimweleza kwa sauti ndogo, ya mtu na mtu: redio, mkoromo, hakuna chenu, mara tatu. Basadi alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka naye hakuyafuta.

"Mimi niliitwa mwongo mbele ya wale," alisema, akionyesha wazee kwa kidevu. "Kawaambie wao. Kwa sauti."

Akaenda. Hatua zile chache zilimchosha kuliko ngazi zote za mgodini. Alisimama mbele ya viti, akasema kwamba Basadi alitangaza, kwamba kosa ni lake, kwamba hakusikia na akasema hakuna. Wazee walimtazama.

Pembeni kabisa alikaa mjomba mkubwa wa ukoo, mzee aliyekuwa amezibwa masikio na umri. Aliweka kiganja nyuma ya sikio.

"Anasemaje huyu?"

Gabaitse alifungua kinywa kurudia, kikatoka kikohozi tu. Basi Kebonang, ambaye tangu malishoni hakuwa amesema naye neno, alisogea na maji yakimdondoka usoni, akainama kwenye sikio la mzee.

"Anasema hakusikia, mjomba."

"Eh?"

"Hakusikia," Kebonang alirudia kwa nguvu, mpaka majirani waliokuwa upande wa pili wa ua wakageuka kutazama. "Alikuwa hasikii, akaona haya kusema."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akamtazama Gabaitse juu hadi chini, na Gabaitse akabaki amesimama palepale na kofia mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae wala aende.